Nta ya kuunganisha mafuta na maji: je, inadhuru ngozi?

Swali: Ninatengeneza krimu ya mwani na mafuta ya nazi hapa Paje. Nikitumia nta ya nyuki peke yake, maji hujitenga na mafuta baada ya siku chache. Muuzaji amenishauri nitumie nta ya kiwandani ya kuunganishia, lakini wenzangu wanasema hiyo ni kemikali itakayowadhuru wateja. Nishike lipi?

Jibu: Bibi, nta ya nyuki huyagandisha mafuta, lakini peke yake haina nguvu ya kuyashika maji. Kiunganishi, ambacho viwandani huitwa emalsifaya, kina molekuli zenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta, nazo huvizunguka vitone vya mafuta ili visirudi kukutana. Ndiyo maana krimu hubaki laini na huenea vyema mwilini.

Hofu ya wenzako ina msingi, ila inahukumu viunganishi vyote kwa pamoja, na havifanani. Nta ya kuunganishia ya kiwango cha Uingereza (BP) kwa kawaida huwa na sodiamu laurili salfeti, takriban sehemu moja katika kumi, na kiungo hicho hudhoofisha tabaka la juu la ngozi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitahadharisha kwamba krimu yenye kiungo hicho, ikiachwa mwilini, inaweza kuwawasha na kuwachoma hasa watoto wenye ukurutu. Nta ya kiwango cha Marekani (NF) hutumia viungo vya jamii ya polisobeti, ambavyo ni vipole zaidi. Hata hivyo, polisobeti inaweza kubakiwa na chembe za daioksani, kitu kinachoshukiwa kusababisha saratani. Kiwanda makini huzipunguza mno, basi mtake muuzaji akupe cheti cha uchambuzi, na asipokuwa nacho usinunue.

Gramu 5 hivi za nta ya kuunganishia katika kila gramu 100 za krimu zinatosha, mradi mafuta na maji vyote vifikie nyuzi 70 za Selsiasi kabla ya kuchanganywa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kihifadhi, yaani kiungo cha kuzuia krimu isioze, ambacho hukukitaja kabisa. Maji yenye mwani, kwa joto letu, huota bakteria na ukungu upesi, na krimu iliyoungana vizuri inaweza kuonekana safi huku imekwisha kuharibika. Mafuta ya karafuu hayatoshi kuizuia hali hiyo, na yakizidi yenyewe huunguza ngozi. Ikiwa hutaki kihifadhi, tengeneza marhamu isiyo na maji, ya mafuta ya nazi na nta ya nyuki tu. Kwa vyovyote, kabla ya kuuza, wasiliana na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kuhusu usajili.