Swali la Lugha: Damu hutabiri, hubashiri au hukadiria?

SWALI: Ninatafsiri kijitabu cha wagonjwa wa ini na familia zao. Nimeandika hivi: "Viashiria vya damu hutabiri kifo cha mgonjwa ambaye ini lake limeharibika sana. Mgonjwa akipata alama za juu, ubashiri wake ni mbaya." Mwenzangu anayehariri amefuta "viashiria" akaweka "dalili za damu", kisha amefuta "ubashiri" akaandika "utabiri". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwenye "viashiria" uko sahihi wewe. Kwenye "ubashiri" na "utabiri" simpi ushindi yeyote. Na neno lililonitia wasiwasi kuliko yote hakuna aliyeligusa kati yenu: "alama".

Nianze na dalili. Dalili ni kitu ambacho mgonjwa anakihisi au watu wanakiona: macho kugeuka manjano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, akili kuchanganyikiwa. Bilirubini, rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu, inaweza kuwa imeshazidi na bado hakuna anayeona kitu. Maabara ndiyo huigundua. Kwa hiyo manjano ya machoni ni dalili, kiwango cha bilirubini ni kiashiria. Isitoshe, ukimwambia mtu wa kawaida "dalili za damu" atafikiria kutapika damu au kupata choo cheusi, mambo ambayo kweli huwapata wagonjwa hawa mishipa ya koo la chakula inapopasuka. Mhariri wako angempeleka msomaji kwenye hofu nyingine kabisa.

Mkitaka kuepuka "viashiria" kwa kuwa ni neno la kitaalamu, semeni "viwango". Kipimo hufanywa, majibu hutoka, kiwango hupanda au hushuka. "Vipimo vyake vimepanda" tunaisema sote mitaani na tunaelewana, ila katika kijitabu itamfanya mwingine adhani mgonjwa amepimwa mara nyingi zaidi.

Sasa "kutabiri" na "kubashiri". Vitenzi hivi viwili humtaka mtu aseme jambo litakalotokea. Utabiri ni wa hali ya hewa, na ni wa mnajimu. Ubashiri siku hizi umehamia kwenye mpira. Kijana akilisikia neno anafikiria matokeo ya mechi. Tena angalia ulivyoliunga: "ubashiri wake". Kwa Kiswahili cha wazi, huo ni ubashiri alioutoa mgonjwa mwenyewe! Juu ya hayo, umeiacha damu ndiyo itabiri, na "kifo" kimesimama kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Daktari hafanyi hivyo. Yeye anakadiria, na tofauti hii si ya mapambo. Chukua alama za MELD, hesabu ya kukadiria hatari ya kufariki, zinazotumika sana kwa wagonjwa ambao ini lao limefika pabaya. Hapo mwanzo zilitungwa kwa wagonjwa wanaowekewa njia ya kupunguza shinikizo la damu kwenye mshipa mkuu unaoingia kwenye ini. Mwaka 2002 Marekani ikaanza kuzitumia kupanga nani atangulie kupandikizwa ini. Zilijengwa juu ya mambo matatu. Bilirubini hupanda kwa kuwa ini limeshindwa kuiondoa. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, hupanda kwa kuwa ini halitengenezi tena protini za kugandisha damu kama inavyotakiwa. Kreatinini ni ya figo, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, nayo imo kwa sababu ini likizidiwa, figo nazo huanza kulemewa. Baadaye sodiamu iliongezwa. Hesabu ikishafanywa hutoka namba kati ya 6 na 40.

Namba hiyo inasema nini? Katika takwimu za mwanzo za wagonjwa waliokuwa wakisubiri ini huko Marekani, wenye alama 20 hadi 29 walifariki karibu 20 kati ya kila 100 ndani ya miezi 3. Wenye 30 hadi 39 walizidi kidogo nusu. Wenye 40 walikuwa karibu 71 kati ya 100. Hiyo ni habari ya kundi na ya muda maalumu. Haimtaji mgonjwa aliyelala kitandani, na hata mwenye alama 40 anaweza kuwa miongoni mwa wale 29 kati ya 100 ambao hawakufariki. Ndiyo maana "kukadiria" kunafaa: kunabeba wingi, uwezekano na mipaka ya hesabu. Jina lake liwe "makadirio" pale penye namba, na "mwelekeo wa ugonjwa" pale mnapozungumza kwa jumla.

Turudi kwenye "alama". Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kwamba alama za juu ni sifa. Ukiandika "mama yako amepata alama 32", mtoto wake atashukuru Mungu. Kitenzi "kupata" nacho kinamsukuma huko huko. Andika "alama za hatari", na badala ya "amepata" sema "zimefika". Mfumo mwingine, Child-Pugh, una pointi 5 hadi 15 na madaraja A, B na C. Huko pia pointi zikizidi hali ni mbaya, ingawa angalau herufi A imebaki upande wa heri.

Mtego huohuo upo kwenye "kushuka". Albumini, protini inayotengenezwa na ini, ikishuka chini ya gramu 35 kwa lita ni habari mbaya, huku bilirubini ikishuka kwa kawaida ni habari njema. Gumu zaidi ni vimeng'enya vya ini, ALT na AST. Hivi huvuja kutoka kwenye seli zinazoumia, kwa hiyo vikipanda watu hushtuka na vikishuka hufurahi. Lakini ini lililojaa makovu huwa limebakiwa na seli chache za kuvujisha, hivyo majibu yanaweza kuwa ndani ya kiwango cha kawaida na mgonjwa akawa hoi. Jina "vipimo vya utendaji wa ini" linazidisha mkanganyiko, maana ALT na AST hazipimi utendaji, zinaonyesha majeraha. Mimi ningewaomba muandike "vipimo vya ini", basi. Na kila mnapotumia "kupanda" au "kushuka", malizieni sentensi: imeshuka, na hiyo ni nafuu, imeshuka, na hiyo ni hatari.

Sentensi zako ningeziandika hivi: "Kwa mgonjwa ambaye ini lake limeharibika sana, viwango vya bilirubini, kreatinini na INR huwasaidia madaktari kukadiria hatari ya kufariki katika miezi 3 inayofuata. Alama za hatari zikipanda, hatari huongezeka, na mgonjwa anayefaa kupandikizwa ini huweza kusogezwa mbele kwenye orodha." Kipande hicho cha mwisho hakikuwemo kwako, nami nimekiweka makusudi. Familia inayosoma "mbaya" peke yake haitajua kwamba namba hiyohiyo inaweza kufungua njia ya matibabu.

Na kabla hamjapeleka kijitabu kuchapwa, tafuteni kila palipoandikwa "homa ya manjano". Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na una chanjo yake. Huo nao hugeuza macho kuwa ya manjano, ndipo majina yalipochanganyika. Kwa mgonjwa wenu andikeni "macho na ngozi kuwa ya manjano", hata kama sentensi itarefuka.