Mama aliacha chai kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kahawa na chai za kila siku zinaulinda ubongo mpaka uzeeni, na kila msomaji aseme anakunywa vikombe vingapi. Naanza na la pili manake ni fupi. Kahawa viwili, vyote kabla ya saa saba mchana, na chai kimoja nikijisikia. Hilo la kwanza ndo refu na nisingekua na la kusema kama si mama yangu.

Mama alikua mtu wa chai haswa. Kali, bila maziwa, asubuhi na saa nne na jioni, miaka arobaini na ushee. Alivokaribia sabini na kitu akaanza kuiacha, na hakutangaza wala hakuna daktari aliyemkataza. Alikua anaichemsha, anamimina, anaiweka dirishani ipoe, afu anaisahau, anakwenda kuchemsha nyingine. Kuna siku nimekuta vikombe vitatu vimepangana pale dirishani, cha kwanza bado kinafuka, cha pili vuguvugu, na cha tatu kimeshashika ule utando wa kahawia juu unaong'aa kama mafuta. Nikamwambia mama chai yako inapoa. Akanijibu, "Hiyo si yangu mwanangu, yangu bado sijaipika." Tukacheka wote wawili. Baada ya miezi kadhaa akawa hapiki kabisa, ukimpa anakunywa mafunda mawili anasema haina ladha, na sisi watoto tukasema basi ndo uzee huo. Miaka minne baadae ndo tukaambiwa ni dimenshia, ule ugonjwa wa ubongo unaomnyang'anya mtu kumbukumbu na akili.

Sasa hebu fikirini, mwaka ule mtu wa utafiti angebisha hodi na karatasi yake ya maswali, mama unakunywa chai vikombe vingapi kwa siku? Angejibu hata kimoja sinywi, na angekua anasema kweli. Anaandikwa sifuri. Miaka minne inapita wanarudi, wanakuta yule wa sifuri anaumwa, na jina lake linaingia kwenye hesabu ya wasiokunywa chai waliopata dimenshia. Wakipatikana watu elfu wa namna hiyo kompyuta inatoa jibu kwamba kutokunywa chai kunaleta dimenshia, wakati kilichotokea ni kinyume chake, ugonjwa ndo uliomnyang'anya mama chai yake kabla hata haujajulikana jina. Tena hisia ya kunusa huwa inapungua mapema sana kwa wagonjwa wa Alzaima, ile dimenshia inayoonekana zaidi, na chai bila harufu ni maji ya moto tu, kwahiyo ile "haina ladha" ya mama pengine haikua nongwa hata kidogo.

Ndo maana mtu akinitumia habari ya "kahawa yazuia kusahau" siangalii kwanza asilimia, naangalia waliwauliza watu hao lini.

Mfano kuna ule utafiti wa Finland uliotoka 2009, watu 1,409, wakafuatiliwa wastani wa miaka 21, na waliokua wanakunywa kahawa vikombe 3 mpaka 5 kwa siku wakiwa na umri wa kati walikutwa na hatari ndogo ya dimenshia kwa kama asilimia 65. Namba inapendeza hiyo, mpaka uone kwamba waliopata dimenshia humo ndani walikua 61 tu, ukiwagawa kwa vikombe unabaki na watu wachache wachache, hapo bahati nayo inakua na sauti. Ukaja wa Uingereza wa 2021, huo mkubwa kweli, watu 365,682, wanaochanganya kahawa 2 mpaka 3 na chai 2 mpaka 3 kwa siku walikua na hatari ndogo ya dimenshia kwa asilimia 28 na ya kiharusi kwa asilimia 32 ukilinganisha na wasiokunywa chochote.

Ila ulionifanya nikae chini nisome vizuri ni wa Marekani uliotoka mwaka 2026. Watu 131,821, manesi na wataalamu wengine wa afya, baadhi wamefuatiliwa mpaka miaka 43, na uzuri wake ni kwamba hawakuulizwa mara moja wakaachwa, walikua wanajazishwa fomu ya chakula na vinywaji tena na tena kila baada ya miaka michache toka wakiwa bado na akili zao timamu. Yani mtu kama mama angekamatwa kwenye miaka yake ya chai nyingi, siyo ule mwaka wa dirishani. Waliopata dimenshia ni 11,033. Wanywaji wakubwa wa kahawa yenye kafeini, ile kemikali inayokufanya uwe macho, walikua na hatari ndogo kwa asilimia 18 kuliko wale wasiokunywa kabisa au wanaoigusa tu, chai nayo ikaenda upande huohuo, na kahawa iliyotolewa kafeini haikuonyesha kitu. Faida ilionekana vizuri zaidi kwenye kahawa 2 mpaka 3 au chai 1 mpaka 2 kwa siku, kwahiyo anayekunywa nane akidhani anajijengea akiba ajue kwamba hapo juu hakuna cha ziada kilichoonekana.

Asilimia 18 tuielewe lakini. Sio kwamba watu 18 katika kila 100 wanaokolewa. Tuseme kwa mfano tu, kwenye watu 100 wasiokunywa wangeugua kumi, basi kwa wanywaji wangeugua nane na kidogo. Ni kitu, sikatai, ila sio kinga ya kuringia. Na bado huo ni uchunguzi wa kuangalia watu wanavyoishi, hakuna aliyelazimishwa kunywa wala kuacha, na mtu mwenye moyo unaodunda ovyo au presha mara nyingi ndo huyo anayeambiwa punguza kahawa, kwahiyo kundi la wasiokunywa linakua na wagonjwa wake wa zamani humohumo. Watafiti wengine wamejaribu njia ya vinasaba, manake kuna watu wamezaliwa na miili inayowasukuma kunywa kahawa nyingi, na vinasaba havibadiliki ukianza kusahau. Kwa njia hiyo kinga dhidi ya Alzaima haijajitokeza wazi. Mi hilo linanipunguzia kelele.

Panaponishawishi zaidi ni kwenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa. Honolulu, kule Hawaii, walifuatilia wanaume 8,004 wenye asili ya Kijapani kwa miaka 30, majibu yakatoka mwaka 2000, wasiokunywa kahawa kabisa waliugua kwa kiwango cha kama mara tano ya wale wanywaji wakubwa. Na hapo njia yenyewe inaeleweka. Ukiwa macho ubongo unakusanya kemikali inaitwa adenosini, inakwenda kukaa kwenye vipokezi vyake, tuseme ndo viti vyake mle kwenye ubongo, na kuuambia ubongo umechoka, lala. Kafeini inafanana nayo umbo, inawahi kukaa kwenye kiti kile, adenosini ikija inakuta kiti kina mtu. Aina mojawapo ya vipokezi hivyo imejaa kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo, sehemu ambayo Parkinson inaivuruga kazi yake, na kuna dawa inaitwa istradefilini inayoziba kipokezi hichohicho, Japani waliipitisha 2013 na Marekani 2019 itumike pamoja na dawa nyingine za ugonjwa huo. Kwahiyo wazo la kafeini kugusa ubongo sio la vijiweni.

Lakini kiti hichohicho ndo kiti cha usingizi, na hapa ndo ninapogombana na wanaohesabu vikombe bila kuangalia saa.

Kafeini kwa mtu mzima inachukua kama saa tano kupungua nusu. Kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado iko kwenye damu, saa nane usiku bado robo. Kwa mwenye kutumia vidonge vya uzazi wa mpango inakawia zaidi, kwa mjamzito ndo kabisa (wao wanashauriwa wasizidishe miligramu 200 kwa siku, wengine 400, na kikombe cha kahawa kina kama 95, chai kama nusu ya hapo), mvutaji sigara kwake inakimbia haraka. Kuna jaribio la 2013 watu walipewa miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi, na kwa maneno yao wenyewe wengi walikua wanaona wamelala tu kawaida. Afu kuna watumishi wa serikali Uingereza karibu 8,000 waliofuatiliwa miaka 25, waliokua wanalala saa sita au chini ya hapo wakiwa na miaka hamsini na sitini walikua na hatari kubwa ya dimenshia kwa kama asilimia 30.

Mi mwenyewe nimepita hapo. Mwaka wa kwanza wa kumuuguza mama alikua anaamka usiku anataka kwenda nyumbani na nyumbani ndo hapo, nikawa nakunywa kahawa saa mbili usiku ili nikeshe nae, asubuhi tena ili nifanye kazi, jumla sita, siku nyingine saba. Nikaanza kusahau. Nimeweka funguo kwenye friji. Nimepiga simu nikasahau nampigia nani huku inaita. Nikajua na mimi zamu yangu imefika, nikamwambia dada yangu mkubwa huku nalia, akaniangalia akasema, "Wewe huumwi mdogo wangu, wewe hulali." Akawa anakuja yeye siku tatu kwa wiki analala na mama, mi nikashusha kahawa toka sita hadi mbili kwa mkupuo, kosa hilo, msifanye, kichwa kiliniuma kuanzia kesho yake na siku ya pili ndo ilikua mbaya kuliko zote. Punguzeni taratibu, nusu kikombe nusu kikombe. Baada ya wiki tatu funguo zikarudi mezani. Waustralia nao mwaka 2021 walitoa hesabu kwamba wanaozidisha vikombe sita kwa siku walikua na uwezekano mkubwa wa dimenshia kwa asilimia 53, niliiogopa sana ile namba, ila nisijifanye mjanja, ni uchunguzi wa aina ileile na karatasi ileile ya maswali, siwezi kuubeza ukisifu kahawa afu niukumbatie ukiiponda.

Sukari sitasema sana mnajua wenyewe, vijiko vitatu mara vikombe vinne ni vijiko kumi na mbili. Na kahawa ya kuchemsha isiyochujwa kwa karatasi ina mafuta yake yanayopandisha kolesteroli mbaya, mwenye tatizo hilo achuje.

Mwaka 2024 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Presha, kisukari, sigara, kolesteroli, upweke, kuumia kichwa, macho, masikio na mengine. Nimeisoma ile orodha mara mbili, kahawa haimo, chai haimo. Masikio yamo. Mama alikua hasikii vizuri miaka kumi kabla, tunamfokea tu mezani, mama nimesema hivi, mama husikii, na hakuna kati yetu aliyempeleka kupimwa. Tulikua bize kumsifia chai yake kwamba ndo inamuweka.

Siku hizi nampa kimoja saa nne, vuguvugu, nusu kikombe asijimwagie. Anakishika kwa mikono miwili ananiuliza hii ya nani. Namwambia yako mama. Jana kakimaliza chote.