Muulize Mwalimu: Hamri la shilingi hasi 15

*Asalam aleikum Mwalimu. Binti yangu yuko gredi ya 8. Juzi alipewa swali: mahamri manne na chai ya shilingi 20, jumla shilingi 80; hamri moja ni bei gani? Akaandika 4x + 20 = 80, akapata x = −15. Mimi nauza mahamri mwaka wa 11 sasa na sijapata kumlipa mtu ili ale. Yeye ashikilia kuwa amefuata kanuni ya darasani. Nimwambieje? – Mama Mahamri, Majengo*

Waaleikum salaam, mamangu. Binti hakuvunja kanuni, kanuni ndiyo mbovu. Naijua vizuri kwa sababu nimeifundisha mwenyewe miaka na miaka kabla ya kustaafu: "Kinachovuka alama ya usawa hubadilika." Nikitolea mfano feri ya Likoni: jumlisha apanda upande huu, akishuka ng'ambo ashakuwa kutoa. Watoto wakicheka, wakishika. Hadi siku moja kijana wa dawati la nyuma akaniuliza, "Mwalimu, kwani humo ferini wafanywa nini?" Sikuwa na jibu.

Sasa tazama binti alivyokwenda. Ile 20 aliivusha, akabaki na 4x = 60, sawa kabisa. Kisha akaivusha 4, na kwa kuwa chenye kuvuka hubadilika, ikashuka ng'ambo ikiwa −4. Akagawanya 60 kwa −4. Kwa kanuni ile, hata mimi ningefika hukohuko.

Mwambie hakuna kinachovuka. Kama bado wamjua muuza nafaka mwenye mizani ya vitanga viwili, mpeleke akaone. Ile ya umeme haifai kwa somo hili. Kitanga hiki mna 4x na 20, kile mna 80, vimelingana. Ukitoa 20 huku, toa 20 na kule, la sivyo mizani italala. Yabaki 4x = 60. Kigawe kitanga hiki mafungu manne, na kile nacho manne: x = 15. Alama ya kutoa haikupata pa kuingilia. Kisha alirudishe jibu kwenye swali: 15 mara 4 ni 60, tia 20 ya chai, 80. (Kwa bei hiyo natumai iliki imo.)

Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, hakuvusha kitu. Alipokuta kilichopunguzwa upande mmoja alikirudishia, akaongeza kiasi hichohicho upande wa pili. Hiyo ndiyo *al-jabr*, tuliyoifanya aljebra. Waarabu hulitumia neno hilo pia kwa kuunga mfupa uliovunjika.

*Fundi wangu akipiga msingi hupima futi 3 huku, futi 4 kule, na mshazari usipokuwa futi 5 huvuta kamba upya. Ana siri gani? – Bamburi*

3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16. Jumla 25, nayo ni 5 mara 5. Pembe ikitimia hivyo ni mraba. Yaitwa kanuni ya Pythagoras, ingawa Wababeli waliijua zaidi ya miaka 1,000 kabla yake. Kwa chumba kikubwa atumie 6, 8 na 10, maana kosa dogo la kamba fupi hukua likifika mwisho wa ukuta.

*Mwalimu, naendesha tuktuk. Wiki jana siku tano nilipata 900, 1,000, 1,100, 1,000, na siku ya harusi 6,000. Mke wangu amepiga wastani, ataka hesabu ya 2,000 kila siku. – Nimebanwa, Tudor*

Hesabu yake ni sahihi: 10,000 kwa 5. Lakini harusi moja imeubeba wastani wote. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, ushike ya katikati: 1,000. Hiyo ndiyo siku yako ya kawaida, mwonyeshe. Ila hata mimi, ningekuwa mkeo, ningeuliza zile 6,000 zimekwenda wapi.