Maswali yenu kuhusu propati za Python

Nimetoka Java, kila klasi naandika `get_bei` na `set_bei`. Python nako ndo hivyo? (Sinza)

Hapana ndugu yangu, acha kabisa. Anza na `self.bei = bei`, basi. Java watu wanatanguliza geta na seta (methodi za kusoma na kubadili thamani, kama hizo zako) kwa sababu ukishaachia fildi wazi alafu baadae ukataka kuikagua, kila aliyeitumia itabidi abadilishe kwake, ila Python ina `@property`, inayofanya geta na seta ziitwe zenyewe mtu akiandika `bidhaa.bei` kama fildi ya kawaida (hiyo ndo propati), kesho ukitaka bei isiwe hasi unaongeza ndani ya klasi na wote waliokuwa wanaandika `bidhaa.bei` wanaendelea kama kawaida.

Nimeweka seta kwenye salio la kadi ya mwendokasi, nikirani inaleta RecursionError. (Kimara)

Cheki ndani ya seta, bila shaka umeandika `self.salio = kiasi`. Huo mstari unaita seta ile ile, nayo inajiita tena, hivyo hivyo mpaka Python inakata. Hifadhi kwenye `self._salio`, na geta irudishe hiyo hiyo. Ila kwenye `__init__` andika `self.salio = salio`, bila kile kimstari cha chini, ili ukaguzi uanze pale pale kitu kinapoundwa, la sivyo mtu anaanza na salio la -500 na seta haina habari.

Hicho kimstari cha `_salio` kinazuia mtu asiguse? (Mbagala)

Hakizuii. Ni makubaliano tu kati ya waandika kodi, kwamba hicho ni cha ndani ya klasi.

Propati yangu ya `abiria` ni listi, seta inakagua wasizidi viti, mbona bado wanazidi? (Tegeta)

Hili limewasumbua wengi. Seta inaitwa pale tu unapoweka `=`. Mtu akiandika `gari.abiria.append(mtu)` amepita kwenye geta, akapewa listi yenyewe mkononi, akajazia humo humo. Geta irudishe `tuple(self._abiria)`, yaani nakala isiyoongezeka, alafu tengeneza methodi `pandisha(mtu)`, viti vikaguliwe hapo.

Naweza kusoma databesi ndani ya geta? (Kariakoo)

Python itakuruhusu, mimi nakuomba usifanye. Anayeandika `duka.mauzo` anajua anachukua namba iliyopo tayari, kumbe akiiweka kwenye lupu ya bidhaa 2000 umempeleka kwenye databesi mara 2000. Andika `hesabu_mauzo()`, mabano yanamwambia kuna kazi inafanyika. Kama jibu halibadiliki, kuna `functools.cached_property`, ipo toka Python 3.8, inahesabu mara moja na kukumbuka.