Kwa mnaoanza kazi za kupanga usafiri Dar, anzieni mlangoni kwa abiria

Vijana mnaotoka vyuo vya Ardhi, UDSM na NIT (chuo cha usafirishaji) mnakuja field na ramani nzuri kabisa, njia zimechorwa kwa rangi, vituo vimekaa vizuri, hongereni. Ila ramani yako inaanza kituoni na abiria anaanzia kwake, na hapo katikati ndo watu wengi wanakwama.

Chukua mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yake, awamu ya kwanza, Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba watu Mei 2016, kama kilomita 21 hivi. Ukiwa ndani ya kituo, mtu wa kiti mwendo kapangiwa vizuri tu, sakafu ya kituo na ya basi ziko usawa mmoja (dereva akisogeza basi vizuri lakini, maana akiacha mwanya gurudumu la mbele linazama hapo). Sasa toka nje ingia mitaani. Mtaro wazi umewekewa mbao mbili, njia ya miguu ina meza ya chipsi, mbele kidogo boda wamepaki, basi ni kushuka barabarani na magari. Huyu mtu hafiki kituoni kabisa, halafu wewe umekaa pale na karatasi yako unahesabu, huoni kiti mwendo hata kimoja, unaandika kwenye ripoti kwamba uhitaji ni mdogo. Hapo ndo nakasirika kwa kweli.

Kwa hiyo kila kituo zunguka kwa miguu, kama mita mia tano kila upande, na futi kamba mkononi. Rampu kila ikipanda sentimita 1 iende mbele angalau 12, yaani sakafu ya sentimita 60 inataka zaidi ya mita 7 za rampu. Fundi atakwambia nafasi hakuna, atakumwagia zege la mita mbili, mwinuko ambao hata mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya samaki anaukwepa. Pima kabla zege halijakauka, sio siku ya makabidhiano.

Kingine ni hesabu za daladala. Kuna kitu kinaitwa kugeuza, asubuhi watu wanapanda gari likiwa bado linaelekea mwisho wa njia, wanalipa nauli ya ziada ili wapate siti, wanageuka nalo. Ukisimama stendi ya mwisho unaona gari linafika limejaa, hakuna anayeshuka, linaondoka, na wewe unashindwa kuelewa mbona waliopanda ni wachache. Wanaoweza kugeuza ni wenye nguvu na hela ya kuongezea, mzee, mjamzito na mwanafunzi wanabaki kituoni magari yanawapita. Hesabu na waliobaki pia, hao ndo kazi yako. Na uwepo pale saa kumi na moja alfajiri, ukija saa tatu utakuta pametulia utadhani mambo shwari.

Mvua nazo. Pale Jangwani, mto Msimbazi ukifurika barabara inafungwa na mwendokasi unakatika, kwa hiyo mtaa ukaguliwe kiangazi na masika, kile kinjia ulichopita Agosti, ikifika Aprili ni bwawa.

Jiji lenyewe halikusubiri, sensa ya 2012 ilikuta watu milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38, na wengi wanajenga huko Chanika, Kivule, Goba, ambako bajaji na boda zinafika kabla ya lami. Usipange kama vile hazipo.

Wasiliana na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, mapema, mchoro ukiwa bado wa penseli, maana wakiitwa siku ya uzinduzi wanakuja kupiga picha tu. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 isome mwenyewe, kwenye kikao injinia ukimtajia sheria anaandika, ukimwambia tuwaonee huruma anaangalia simu.

Makonda pia ongea nao, wanajua nani anashukia wapi kuliko dodoso lako lote, ila asubuhi usiwaguse watakutukana, subiri saa tano gari zikiwa kwenye foleni ya kupakia, kaa nao kwa mama ntilie, agiza chai, halafu weka daftari mfukoni kwanza maana wakiliona wanadhani umetumwa na LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu.