Krismasi ukiwa na mtoto anayetambaa na paka: pamba kuanzia kiunoni kwenda juu

Novemba ikikatika tu, Kariakoo inawaka. Miti ya plastiki, nyota, taa za rangi, kofia nyekundu zenye vitaa, yote yamepangwa hadi barabarani. Mimi nyumbani nina mtoto anayetambaa, nina paka, na sikukuu wanakuja watoto wa dada zangu. Kwa hiyo mapambo yangu yanaanzia usawa wa kiuno kwenda juu. Chini ya hapo ni eneo lao, naacha sakafu tupu.

Wengi huhofia taa na mishumaa. Mimi ninachokiogopa zaidi ni betri bapa, zile za duara zinazofanana na sarafu. Msimu huu zimejaa kila mahali: kwenye mishumaa ya bandia, kadi zinazoimba, zile kofia, na rimoti za taa. Iliyoandikwa CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, namba zenyewe ndizo zinasema hivyo. Kwa mtoto mdogo, upana huo unatosha kukwama njia ya chakula. Ikishakwama, mate yanaunganisha umeme wake na panatokea kemikali kali ya jamii ya kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa mbili anaweza kuwa ameungua vibaya, na kidonda huendelea kuchimba hata betri ikishatolewa. Iliyokwisha chaji nayo bado inaunguza, kwa hiyo usiitupe kwenye ndoo ya taka ya jikoni ambayo kila mtoto anaifikia.

Tatizo jingine ni kwamba mtoto anaweza asilie. Anatoa udenda, anakohoa, anakataa chakula, nanyi mnasema ni mafua. Ukihisi kameza, usimtapishe. Mkimbize hospitali yenye eksirei na utamke neno betri, maana kwenye picha ni rahisi kudhaniwa sarafu. Mkiwa njiani, kama ameshatimiza mwaka mmoja, anameza vizuri na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara sita. Asali inapunguza kuungua, haitibu, kwa hiyo msichelewe kutoka kwa sababu ya kuitafuta. Wa chini ya mwaka hapewi asali.

Ndiyo maana nikishika mshumaa wa bandia dukani nauliza swali moja tu.

"Kaka, mfuniko wa betri una skrubu?"

"Hapana dada, huu unabinya tu unafunguka. Hausumbui!"

Anausifia kwa jambo lile lile linalonifanya niurudishe mezani. Nanunua wenye skrubu, na nikifika nyumbani naikaza kwa bisibisi kabla ya kuuweka popote.

Kuhusu mti, pwani wengi tunakata tawi la mvinje. Unapendeza, ila kwa joto la Desemba la Dar unakauka haraka, na mvinje uliokauka unashika moto upesi. Usiulete mapema mno. Usimike kwenye ndoo ya mchanga na kokoto, umwagilie kila siku, halafu funga shina kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Hapo paka akipanda au mtoto akivuta tawi, hauanguki. Mishumaa ya moto weka mbali nao kabisa. Umeme ukikatika tumia tochi.

Sasa paka. Zile nyuzi za kung'aa mimi sizinunui. Paka anazipenda kuliko panya, na ulimi wake una miba iliyoelekea nyuma, hivyo uzi ukiingia ni kazi kuutema. Ncha moja inaweza kunasa chini ya ulimi huku nyingine ikiteremka tumboni, utumbo unajikunja na kukatika kwa ndani. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute wala usiukate. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Badala yake mimi natumia vitenge: navikata vipande vipana, navikunja maua, naviweka juu.

Mbwa wa getini shida yake ni sahani za wageni. Zabibu kavu za kwenye keki na pilau zinaweza kumharibu figo, chokoleti ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Waambie watoto mapema, maana wao ndio wanaomrushia kwa huruma.

Maputo tundika juu, na likipasuka okota vipande hapo hapo. Mpira ule ukiziba koo la mtoto ni vigumu kuutoa. Taa zichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni iliyokwisha kubeba friji na televisheni, na uzime mkienda kulala.

Cha mwisho hakimo kwenye mapambo kabisa: mikoba ya wageni. Bibi anakuja na dawa zake za presha na sukari, anaketi, mkoba unatua sakafuni karibu na mti, hapo hapo watoto wanapocheza. Nampokea kwa "Shikamoo mama, lete mkoba nikutunzie," nautundika chumbani nyuma ya mlango, na dawa akizihitaji namletea mwenyewe.