Ala za kiasili za India: sikiliza kinacholia

Kijana akinijia anataka kujifunza ala za kiasili za India, humwambia aweke kando orodha ya majina kwanza. Majina hayana mwisho, na hubadilika kila jimbo. Mimi zilinikaa akilini nilipozoea kuuliza swali moja tu: hapa kinacholia ni nini?

Wahindi wamelijibu swali hilo tangu kale. Natyashastra, kitabu cha Kisanskriti kinachokadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,000 hivi, kinazigawa ala mafungu manne: tata ni za nyuzi, sushira za pumzi, avanaddha zimewambwa ngozi, na ghana ni zile ambazo mwili wake wenyewe ndio unaolia, kama matoazi na njuga. Mpango wa kuainisha ala wa wataalamu wawili, Hornbostel na Sachs, wa mwaka 1914, unaotumika kwenye makumbusho mengi duniani, nao ulianza na mafungu manne yanayokaribiana sana na hayo.

Macho ndiyo yanayopotosha. Chukua kamaicha ya Wamanganiyar, jamii ya wanamuziki wa jimbo la Rajasthan. Tumbo lake la mviringo limewambwa ngozi ya mbuzi, na bila uta mkononi mwa mpigaji ungeapa ni ngoma. Lakini ngozi ile inapokea tu mtetemo wa nyuzi. Ni tata.

Ninayoipenda kuliko zote ni bhapang ya Mewat, eneo la kaskazini mwa India. Umbo lake ni la kingoma kidogo, wazi upande mmoja, nacho hubanwa kwapani. Uzi unatoka katikati ya ngozi hadi kwenye kishikio; mpigaji akikivuta sauti inapanda, akikilegeza inashuka, huku mkono wa pili ukiucharaza. Tata au avanaddha? Wataalamu wanavutana. Mimi naiweka kwenye tata, maana uzi ukikatika hakuna bhapang tena. Jaribu kipimo hicho kila unapokwama: ondoa sehemu moja kwa fikra, uone kama sauti inabaki.

Wala usihukumu kwa namna ala inavyopigwa. Wasidi wa jimbo la Gujarat, wenye asili ya Afrika, wana malunga, upinde wenye kibuyu unaogongwa kwa kijiti. Kijiti hakiufanyi ngoma. Kinacholia ni uzi. Ngoma yao ni mugarman, ile yenye miguu, na hiyo haina ubishi.

Kwa hiyo anza na rekodi za sauti tupu. Andika fungu unalolidhania, ndipo utafute video yake.